Chumvi ya Ushindi

Kasongo, mwezi wa saba 1951

Yaya Grégoire, kaka yangu mukubwa,

Habari za huko Salamabila, kwenye machimbo? Hapa jua ni kali, maji ya Lualaba yamepunguka, muchanga wote uko wazi. Siku ya michezo watu walijaa pale. Mitumbwi ilishindana, halafu ngoma, sisi na watu wa Kabambare. Tulishinda! Tukapewa mufuko wa chumvi.

Mama iko na afya.

Yaya, ngozi ya ngoma yetu ilipasuka katikati ya muchezo. Nikakimbia nyumbani, nikaleta ile ya marehemu baba. Nilijua inakungoja wewe, mutoto wa kwanza, uje uipige siku ya kumaliza kilio. Lakini Kabambare walikuwa wanatucheka. Ilipolia, nilicheza kupita wote.

Kesho yake baba mudogo Asani akafika. "Ngoma imelia, kilio kimeisha. Mujane ahamie kwangu." Mama alinitazama tu, akakunja mikeka yake, akamufuata.

Ukirudi, usimutafute hapa. Nilimupa ile chumvi yote aende nayo. Aliiacha mulangoni. Sijaiingiza ndani, na umande wa asubuhi unaiyeyusha.

Mudogo wako,
Mathilde