Marehemu Yuko Nyuma ya Nyumba

Baba Nyevu,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Unywe wote kabla shangazi zako hawajafika. Mikeka usiitafute, nimeibeba yote kwa dada Selpher, Frere Town. Leo wakija kukupa pole wakae mchangani, huenda wakakumbuka kwao.

Usinikasirikie. Tangu kambi ya jeshi ikuachishe kazi Jumatatu, eti vita vimekwisha, wanakuja alfajiri, wanalia, wanakula, wanasinzia, wanalia tena. Nawe umejifungia chumbani kama uliyekwisha kuzikwa.

Jana asubuhi mpita njia kasikia kilio, kasimama. "Pole, mama. Mazishi saa ngapi?"

Nikamwambia, "Bado, baba. Marehemu yuko nyuma ya nyumba, ananawa uso."

Mwidani naye alikuja leo mapema, na unajua aliachishwa siku moja nawe. Hakulia wala hakutaka chai. Alisimama mlangoni na ule msumeno mrefu wa vishikio viwili, akasema, "Shemeji, nimepata magogo ya kupasua mbao huko Ziwa la Ng'ombe, lakini upande wa pili wa msumeno hauna mtu. Mwambie namngoja mpaka saa tatu."

Suruali ya kazi iko kambani, imekauka. Pitia uani, shangazi wasikuone, watakulilia njia nzima.

Ukirudi jioni na vumbi la mbao kichwani, nitakutandikia mkeka mmoja, wa kwako peke yako.

~~Mjane wako~~
Mkeo,
Mama Nyevu