Walii Amekwama Cusco

Mama, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje? Natumaini dawa hujaziacha ulipopata nafuu, maana nakujua. Mie mzima, ila Cusco iko juu sana milimani. Nikipanda ngazi chache pumzi inakata.

Nilikuja kuandika habari za mji huu. Wahispania walibomoa majumba ya wafalme wa Inka, wakajenga makanisa juu ya kuta zilezile. Kazi nimeimaliza, kutoka ndiko kumeshindikana. Wanavijiji wanaogombea maji yao na mgodi wamefunga barabara na reli kwa mawe, na uwanja wa ndege nao umefungwa. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta. Nikitoka nje, ni milima pande zote.

Jana dereva mmoja wa teksi alinipeleka kwenye kizuizi chao nikaombe njia. Msemaji wao ni mama mmoja muuza viazi. Nikamweleza kwamba dada yangu anaolewa Ijumaa, baba yetu alishafariki, walii wake ni mie, na bila walii ndoa haifungwi.

“Baba yako hakuwa na ndugu?” akauliza.

“Yupo baba mdogo.”

“Ni bubu?”

“Hapana.”

“Basi aozeshe yeye. Wewe unakimbilia nyama ya harusi tu.”

Dereva alicheka kwanza, ndipo akanitafsiria. Njia mama yule hakunipa. Alinipa kiazi cha moto.

Mama, umesema harusi ingoje mpaka nirudi, watu wa Mbagala wasije wakasema Mwanaidi hana kaka. Lakini Salum ameshapata kazi ya kuchonga vinyago Mtwara na anatakiwa kuondoka na mkewe. Njia itafunguliwa lini, nimeuliza kila upande, hakuna anayejua. Sitaki Mwanaidi naye akwame kwa sababu yangu.

Kwa hiyo nampa baba mdogo uwakala wa kumwozesha Mwanaidi kwa Salum, kwa mahari waliyokubaliana. Shehe nimeongea naye kwa simu, ameridhika. Barua hii naipiga picha, Mwanaidi akusomee. Akitaka kuiruka sehemu hii, mwambie arudie.

Nisalimie shangazi wa Kawe, na wifi yake anayewapikia. Baba mdogo mwambie asihutubie. Aushike mkono wa Salum, aseme yanayotakiwa, auachie. Ijumaa msiniwekee kiti.

Mwanao, niliyezibiwa njia na wauza viazi,
Hamisi