Jeshi la Plasta la Hija Matano

Hija, mwaka umetimia leo tangu ile Jumanne uliyotutoka, kabla ya adhuhuri, baada ya homa ya siku nne. Bado wako watu wanaopiga simu yako kuulizia meno yao ya juu, na mkeo Rahila huipokea, akawaambia taratibu kwamba fundi hayupo tena. Wengine hukata simu. Wengine humliwaza yeye, kisha wakaanza kulia wao.

Ulikuwa fundi wa meno ya bandia, na wazee wengi wa Chake Chake wanatafuna kwa kazi ya mikono yako. Mtu aliingia kwako ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, nawe hukumwangalia mdomoni mpaka umwulize kwanza habari za shamba na za wajukuu. Ukimaliza kumpima, alikuwa ameshasahau kuona haya.

Na walikuwepo askari wako. Tuseme kweli, mwanzo hatukuwaelewa. Uliona kwenye simu watu wa nchi za mbali wanatengeneza majeshi madogo, askari mmoja hazidi kidole gumba, wanawapaka rangi kisha wanawapiganisha mezani kwa dadu na rula. Huku kwetu hakuna duka la vitu hivyo. Ukaitazama plasta ya meno, ule unga mweupe unaoukoroga na maji kutolea mfano wa fizi, iliyobaki bakulini, ukasema, "Hii nayo inaganda bure tu."

Muda hukuwa nao. Asubuhi chumba cha meno, jioni mtoto, Ijumaa kwa mama. Lakini plasta ya fizi za mtu huchukua dakika kumi kuganda, na dakika hizo kumi ukazifanya zako. Mteja amekaa kwenye benchi anasubiri, nawe umeinama unampaka askari mshipi. Leo mshipi, kesho kiatu cha kushoto. Rahila alipokuuliza jeshi litakwisha lini, ulimjibu, "Haraka ya nini? Vita havijatangazwa."

Ndivyo ilivyotokea siku ile ukachanganya mambo. Mzee Rajab wa Makoongwe alifungua bahasha ya meno yake akiwa kwao, akakuta na askari ndani. Kesho yake akavuka maji, akapanda gari mpaka Chake, akamsimamisha juu ya meza yako.

"Meno yamenikaa vizuri, fundi," alisema. "Lakini huyu mwenye mkuki nimemjaribu kila upande, haingii."

Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Rangi ulizipata nyumbani. Wiki ya harusi ya dada yako Mwanaasha, Rahila alifungua kichupa chake cha rangi ya kucha, akakuta kikavu.

"Nyekundu yangu imekwenda wapi?"

"Imekwenda vitani," ulisema, hata kichwa hukuinua.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuletea ya buluu, ameinunua mwenyewe.

Mama yako, Bi Moza, ndiye hakuridhika kabisa. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Sanamu ndani ya nyumba, Hija? Malaika wapite wapi?" Ukamchukulia mmoja, ukamwonyesha. Ulikuwa umewafanya wote bila nyuso: kilemba, kisha pametandaa laini, hapana jicho, pua wala mdomo. Mama akamgeuza, akamtazama juu na chini.

"Na watapigana vipi, nao hawaoni?"

"Ndiyo maana hawajamuumiza mtu, mama."

Tangu siku hiyo akawa anawapangusa vumbi, ila kwa kitambaa, si kwa mkono.

Rafiki yako Mwalimu Ishak, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa adui yako wa kila Jumamosi baada ya alasiri. Mlitandika shuka la kijani mezani, mkajenga ngome ya maboksi kwa mfano wa yale magofu ya Pujini, mkapima hatua kwa rula. Karibu kila mara ulishindwa. "Jeshi lako limepambwa kama biharusi," Ishak alikuwa akikwambia. "Linaogopa kuchafuka." Ulijibu kwamba afadhali kushindwa umependeza.

Ulituachia askari arobaini na wawili. Thelathini wamekwisha kupakwa rangi, kumi na wawili weupe vilevile walivyotoka kwenye kalibu.

Rahila alipomaliza eda, mama alisema wagawiwe watoto wa jirani. Hakusema kwa ubaya, Hija. Alisema, "Kila nikiwaona naiona mikono yake. Miye siwezi." Rahila alimwomba. Alimwambia, "Nipe mpaka atimize mwaka, mama. Nikiwamaliza, wakae kabatini, mjukuu wako Khairat akikua awakute. Nisipowamaliza, watoke, sitasema neno." Mama akakubali. Na mama akisema neno lake, wewe unamjua.

Rahila alidhani miezi saba na kitu iliyobaki ni mingi. Askari wawili kwa mwezi, ni kazi gani? Lakini asubuhi yumo shule ya chekechea anafuta makamasi ya watoto wa watu. Adhuhuri anarudi kupika. Jioni tatu kwa wiki yuko darasa la watu wazima, anakisaka kile Kidato cha Nne mlichoahidiana. Siku zilizobaki Khairat anataka mgongo, anataka hadithi, anataka kujua baba anarudi siku gani. Mara mbili Rahila alisinzia amekaa, burashi mkononi, akaamka rangi imeganda na burashi imekuwa kijiti. Mara moja mhogo uliungua. Miezi mitatu ya mwanzo alipaka askari mmoja tu, naye alimpaka vibaya.

Halafu alikumbuka dakika zako kumi. Plasta hana, lakini ana wali. Wali ukishapaliwa makaa juu ya mfuniko hauna haja na mtu, na yeye akawa anakaa palepale jikoni juu ya kibao cha mbuzi, askari mkono mmoja, burashi mkono mwingine. Leo kilemba. Kesho mshipi. Khairat alifundishwa kushika kichupa bila kukiinamisha, akawa anakishika kwa mikono miwili na pumzi ameibana. "Huyu wa baba au wa mama?" huuliza. Rahila humwambia ni wa baba, mama anamvisha tu.

Kwa mwendo huo akafika tisa. Watatu hakuwafikia. Wiki ya mwisho Khairat aliugua tumbo, darasani kukawa na majaribio, na makaa yaliwaka yakazimika mara nyingi bila ya yeye kugusa burashi. Alichoka uchovu ambao hata ukilala hautoki.

Ijumaa iliyopita mama alikuja, akafungua kabati mwenyewe. Rahila hakuficha kitu. Aliwatoa wale watatu weupe, akaviweka vichupa vya rangi pembeni yao, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mama, hawa sikuwawahi. Ahadi ni ahadi. Wachukue."

Bi Moza akawatia kiganjani, kwa mkono mtupu, bila kitambaa. Akawageuzageuza.

"Hawa wamekushinda nini?"

"Hawajapakwa rangi, mama."

"Wapakwe nini tena?" alisema mama. "Weye huoni? Hawa wamevaa kanzu. Leo Ijumaa."

Akawapanga mstari wa mbele, mmoja baada ya mmoja, akafunga kabati. Ufunguo akamtia Rahila mkononi, akamkunja vidole juu yake. Kisha akamchukua Khairat, akamwambia Rahila, "Nenda kalale. Wali nitaupalia miye."

Akaenda akalala, Hija. Alilala mpaka alasiri, na hakuna aliyemwamsha.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Moza. Mkeo Rahila, atakayefanya mtihani wake Novemba, inshaallah. Binti yako Khairat. Kaka yako Ahmada. Dada yako Mwanaasha na mumewe. Mwalimu Ishak, ambaye siku hizi Jumamosi zake ni ndefu. Majirani zako wa Wawi, na wote uliowarudishia kicheko midomoni.

Mola akupanulie kaburi lako, alitie nuru. Sisi tungali wachovu, lakini tuko pamoja. Hututoki moyoni, Hija, wala hatutakuacha utoke.