Mnyoo Niliyetaka Kumpa Jina la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Chekeche, maji ya bomba, chekeche tena. Miaka kumi na moja naosha tope la majaruba hapa Ifakara, nikitafuta minyoo midogo inayokula mizizi ya mpunga. Ila tope la wiki hii si la jarubani. Profesa amelituma kwa basi kutoka mikokoni Dar, huko hawana mwenye subira ya hadubini. Nimeshapima majike kumi na wanne. Wote wanene kuliko mnyoo pekee wa vitabuni anayefanana nao. Mlinzi wetu, Masanja, kachungulia dirishani: "Dada, mdudu wa bahari huku kwetu kafuata nini?" Nimecheka. Ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo.

Jumatano, 5 Machi
Dume! Mmoja tu, lakini dume. Bila yeye hakuna atakayeamini kwamba ni spishi mpya. Dume ana vijiti viwili vya kupandia jike karibu na mkia, na hivyo ndivyo vinavyomtambulisha. Vimefanana na vya yule wa vitabuni. Vinywele vya kichwani pia. Nimejifanya sijaona. Unene unatosha.
Profesa anataka andiko Jumatatu. Jina nimeshaliweka: la marehemu mama, Yustina. Alilima Katindiuka maisha yake yote, na hakuna kitabu chenye jina lake. Nimempigia kaka aliyeko Sanje, nikamwambia. Kalia. Nami nimelia. Simu ilipokatika nyumba ikawa kimya kama kawaida yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Sijala.
Slaidi ilikuwa inakauka, mnyoo bado hai. Nikadondosha tone la maji ya bomba, kama nilivyozoea. Akavimba mbele ya macho yangu. Taratibu, kama haragwe lililolowekwa.
Kisha nimechukua tope lililobaki, nikaliosha kwa maji ya bahari yaliyoletwa pamoja nalo kwenye dumu. Dumu lenyewe sikuwahi kulifungua. Minyoo sita. Wembamba wote. Ni yule yule wa vitabuni.
Mnyoo wa jarubani hajui chumvi. Huyu mwili wake umejaa chumvi, maji ya bomba yanamwingia tu. Nimemjaza maji mwenyewe, nikamwita mpya. Mjinga mimi. Miaka kumi na moja!

Jumamosi, 8 Machi
Naweza kunyamaza. Nani atakuja kuosha tope upya?
Nimempita Masanja getini bila salamu. Kaniita: "Dada, kuna msiba?" Nimesema hapana. Moyoni nikaona upo.
Saa kumi jioni nimeandika: "Shikamoo Profesa. Si spishi mpya. Kosa ni maji yangu." Amejibu neno moja, "Pole." Kaka sijampigia. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa, Katindiuka kwa baiskeli. Kaburi la mama limeota majani. Nimepalilia kwa mikono. Nimemwambia jina halipo, na sababu nimemwambia. Yeye ndiye aliyenifundisha, tukitoka shamba, kwamba kitu cha topeni huoshwa kwa maji mengi. Sikuwahi kumuuliza maji gani.
Nimechota kisimani kwake, nikanawa tope mpaka maji yakatoka meupe. Ndipo nikampigia kaka.