Halua kwenye Kaseti ya Bi Elodia

Jumamosi, 2 Machi 1985. Ibra, Omani

Mama mkwe, Bi Radhia, kaamka na Bi Elodia tena. Kabla ya chai! Kaseti kaletewa na mpwa wake Turki, anayesoma Teksas. Mwimbaji wa huko huko, asili yake Meksiko — kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja, na Kihispania. Marehemu. Turki anasema alipokufa mji mzima ulilia, na kanda zake hazipatikani tena madukani. Kwa hiyo Mama kavivunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti. Vikivunjwa, mashine haikubali kurikodi kitu kingine.

Mama hajui neno la Kihispania. Anatafsiri hata hivyo. Wimbo wa mwisho, eti, Bi Elodia anamuuliza mumewe: umeniona mpishi tu? Mimi naona huenda anauza samaki. Sijasema.

"Sikiliza kodiani hiyo, Fakhriya. Taarabu tupu!"

Baba mkwe, Bwana Sleyum, kapiga kelele toka barazani: "Mnyamazishe mwehu wako!"

Alkhamisi hina ya harusi ya wifi yangu Aliya. Mama kawaahidi wageni wa Nizwa wimbo ule wa mwisho. Kamwahidi mpaka mke wa muuza gesi.

Jumatatu, 4 Machi

Sisimizi! Safu moja, wana adabu kama askari, wanapanda kabati, wanaingia kwenye kaseti ya Bi Elodia. Nimeipindua. Tundu moja la kijino limezibwa kwa halua. Halua hasa, ya zafarani, na kipande cha lozi. Ukiziba tundu, mashine inadanganyika — inarikodi.

Katika nyumba hii, halua hulala kwenye vidole vya mtu mmoja tu.

Nikaitia kwenye redio. Nyimbo za mwanzo salama. Ule wa mwisho — kodiani inaanza, halafu kikohozi, halafu: "Assalamu alaykum ndugu yangu Khalaf..."

Ami Khalaf, ndugu wa Baba mkwe, yuko Bujumbura. Hatuandikiani barua, tunapelekeana salamu kwa kaseti. Baba husema kidogo kidogo, kila mchana mama akilala, mpaka upande ujae.

Viatu vya mama mlangoni. Nikazima.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwendea Baba barazani. Shikamoo. Marahaba. Nikamwonyesha sisimizi mmoja kidoleni.

Kaelewa upesi mno.

"Kaseti zangu zimekwisha. Na huyo mwanamke si kesha kufa? Kanda ya nini tena?"

"Mwenye kanda yuhai, Baba. Na Alkhamisi ataipiga."

Kauliza kama Turki anaweza kuleta nyingine kabla ya Alkhamisi. Kutoka Teksas!

Jioni kaficha betri za redio. Redio ina waya wa umeme.

Alkhamisi, 7 Machi

Ya Rabbi, nicheke au nilie?

Chumba kimejaa wanawake. Mama kaiwasha kaseti mwenyewe, kisha kapakwa hina. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoa viganja, vyote viwili — asije mtu akaniambia zima.

Ukafika wimbo wa mwisho. Kodiani. Kikohozi. Sauti ya mwanamume!

Wanawake wakarukia shela zao kujifunika. Kwa mikono ya hina! Hina kwenye nywele, kwenye mito, kwenye pua ya mke wa muuza gesi.

"...Khalaf, Radhia kalala. Kanda ni yake, usimwambie. Wimbo wake huu umenikaa kichwani, unanifuata mpaka mitendeni. Unakwenda hivi—"

Akauimba! Wote! Kihispania cha Baba, jamani — na kodiani kwa mdomo: nyami-nyami-nyami. Hakuna mwenye kidole cha kuzima.

Bi Wadha, mama wa bwana harusi, hajui Kiswahili. Kauliza kwa Kiarabu: nani huyu, na anaumwa wapi?

Mama viganja juu, kama anaomba dua.

"Mume wangu," kajibu. "Anaimba."

Baba kaimba mpaka upande ukaisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kajifungia chumbani na kaseti. Baba karudi msikitini, anagonga mlango.

"Radhia! Nipe kanda! Khalaf anangoja, sijamaliza salamu. Nataka kurikodi!"

Hakumfungulia. Nilipobisha mimi, kafungua kidogo, kanivuta ndani, kafunga. Kakaa kitako tena na pini ya nywele. Anakwangua halua kwenye tundu. Polepole, mpaka kwenye pembe.

"Mama, vipi?"

"Sisimizi," kasema. Hakunitazama.

Tundu limebaki wazi, safi; mashine haitarikodi tena kitu juu ya wimbo wa Baba.

"Radhia! Nimekukosea nini?"

Mama kageukia tundu la pili, ambalo halikuzibwa na kitu, akalikwangua nalo.