Warigia Amevuna Mti wa Krismasi

Kwa Mama, na wote walio chini ya paa hili:

Msiingie bila viatu. Nimefagia mara mbili, lakini vipande vya kioo ni vidogo kama chumvi. Warigia wetu mdogo yuko kwa jirani, Mama Wilkister. Hana jeraha; nimemkagua hata mdomoni.

Asubuhi alichuma mapambo yako. Yale mekundu matatu aliyatia kikapuni, ya kijani akayaacha mtini, kwa kuwa hayajaiva. ~~Wewe ndiwe unayempeleka kwenye shamba la kahawa.~~ Kosa ni langu. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti kama mnyapara: "Nyekundu tu, akina mama! Haraka!" Nilicheka mpaka alipokimimina kikapu ndani ya debe, kama mfanyavyo kwenye mizani.

Mawili yamepona, yako juu ya kabati. Lililovunjika ni lile ambalo Baba alilileta wakati wa Krismasi ile, kabla ya askari kumchukua.

Nimekwenda Thika kutafuta jingine kwenye maduka ya Wahindi. Pasi ya kusafiria ninayo. Nitarudi kabla ya kafyu.

Mama, nikilipata linalofanana nalo kabisa, sitakwambia kwamba ndilo lile.

Kifungua mimba wako,
Kang'ethe