Mguu Uliovunjika wa Mke Mwema

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Siku ya tatu nikiwa mke wa Dionizi! Mke wa Dionizi. Nimeliandika mara nne nyuma ya bahasha, kisha nikaichana, maana wifi Angelika anakaa ghorofa ya chini na hupanda bila kubisha.

Harusi tulifanyia Columbus kwa Leopoldi, Baba mdogo wa Dionizi, ili watu wangu wa Louisville na watu wao wa hapa Buffalo wote wasafiri sawasawa. Sasa niko ndani. Kwetu Warundi bibi harusi hatoki, hapiki, hafagii, mpaka watu wa kwao waje na vikapu kumfungulia mlango. Mama amesema Jumamosi hii. Kwa hiyo darasa langu la college la kesho nalikosa. Moja tu, sijali. Wiki nzima napikiwa na mume! Jana maharage yaliungua. Akayaimbia kama yuko kwaya. Nimecheka mpaka machozi.

Jumatano, 24 Septemba

Ninaye mume ambaye akitoka shifti ya masaa kumi, na mgongo unauma, anapitia college kunichukulia karatasi za somo! Mwalimu ni mama Mpuerto Riko. Kamwambia: mkeo namsubiri, lakini akikosa mara tatu jina linafutwa. Sheria si yangu.

Somo langu la kwanza la college! Methali na hekima za kila siku katika vitabu vya zamani vya Wahispania. Tulisoma pamoja mezani, wali ukapoa. Wakulima, watumishi, wanawake wa sokoni — wote wanasema kwa methali. Nyumbani kwa mhunzi, kisu cha mti. Kutoka kusema mpaka kutenda ni mwendo mrefu. Dionizi akapiga meza: huyo si Mhispania, huyo ni bibi yangu wa Makamba! Akaanza kupiga picha kurasa na simu. Nikawaza: ananipenda mpaka na karatasi zangu.

Jumapili, 28 Septemba

Nina hasira!

Kwanza, Mama hakuja jana. Kiwanda kimewalazimisha kazi ya Jumamosi, wote, na ruhusa yake imesogezwa mpaka tarehe 18 Oktoba. Tarehe 18! Nimempigia Baba mdogo kwa adabu zote: naomba Jumanne tatu tu, saa mbili za darasa, Dionizi ananipeleka kwa gari na kunirudisha. Akasema atafikiri.

Amefikiri. Baada ya misa ametuma sauti kwenye grupu ya familia. Watu hamsini na wawili! Kasema bibi harusi wetu ana haraka ya kuonekana barabarani. Kasema hata wazungu wa zamani walijua: mwanamke mwema, mguu uvunjike, akae nyumbani. Na huyo Kostansia mwenyewe anakisoma kitabu hicho!

Karatasi zangu. Ukurasa wangu wa saba. Wameweka vicheko arobaini.

Dionizi kasimama pale, rangi imemtoka. Nilimtumia zote, anasema, Baba mdogo ndiye msemaji wa familia, anapenda methali, nilitaka ajue nimeoa mwanamke wa akili.

Mwanamke wa akili! Nimemrushia mto. Nikautaka tena, maana ni mto mzuri, wa zawadi.

Jumanne, 30 Septemba

Darasa la pili limepita. Nilikaa dirishani nikitazama magari ya Niagara Street. Angelika kapanda na chai. Bibi harusi, bado mguu haujapona? Kacheka peke yake.

Sikunywa chai yake.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimesoma karatasi zote mara ya pili, na sasa hasira yangu ina akili. Mwalimu ameandika: usiulize tu methali inasema nini, uliza anayeisema ni nani, anamwambia nani, na anataka nini. Katika vitabu vile bwana akitaka mtumishi akae kimya, ana methali. Mtumishi akitaka kusema, naye anayo. Zipo za kila upande! Ukurasa wa tisa: Mungu humsaidia anayeamka mapema. Ukurasa huohuo, chini: kuamka mapema sana hakuleti asubuhi haraka. Baba mdogo kachagua moja inayomfaa, kaipiga kwenye grupu kama amri kumi za Musa.

Nikamsomea Dionizi. Akakubali. Kila neno akakubali! Una haki, mpenzi. Basi mpigie simu, nikasema. Akaanza kukuna shingo. Huyu mzee alinilea, Kosta. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, aligawa posho yake na mimi. Nitamkatalia vipi?

Nikamtafutia ukurasa wa kumi na moja: huwezi kuigonga kengele na kutembea kwenye maandamano ya kanisa kwa wakati mmoja.

Akaenda kuosha vyombo. Aliviosha vizuri sana, hata vile visafi. Nampenda mpaka naumwa, na nilitaka kumpasulia sahani.

Jumapili, 5 Oktoba

Hii niiandike taratibu, nisije nikatoboa daftari.

Ijumaa nyumba ya wazee nilikoomba kazi walipiga: nianze Jumatatu asubuhi. Nikasema asante, lakini hapa nyumbani naambiwa mlango umefungwa mpaka tarehe 18. Dionizi akamuuliza Baba mdogo. Jibu likaja kabla chai haijachemka. Aende! Kazi ni kazi. Marekani hii, mila inaelewa.

Mila inaelewa shifti. Mila haielewi darasa!

Nikamshukia Angelika chini, ngazi zote, bila viatu. Wifi, wewe ulifunguliwa lini? Akaacha kukunja nguo. Mimi? Siku ya nne nilikuwa laini ya kiwanda, kope za harusi bado zimebandikwa. Nikauliza: na walisema nini? Walisema nini, walisema hongera.

Tukatazamana. Kisha akasema, polepole, kwamba yeye pia aliwahi kulipia masomo ya unesi, hakuyaanza. Akaendelea kukunja nguo. Hakunitania tena.

Jumanne, 7 Oktoba

Jana nilifanya kazi masaa manane, nikaogesha wazee sita, nikarudi na basi, hakuna aliyevunjika mguu.

Leo ni darasa la tatu. Saa kumi na mbili jioni. Na Baba mdogo amekuja! Kaendesha kutoka Columbus masaa matano njiani, kwa sababu asubuhi niliandika kwenye grupu, mbele ya watu hamsini na wawili: Baba mdogo, kwa heshima, leo jioni naenda shule.

Niko chumbani, mlango uko wazi kidogo. Yeye yuko kwenye sofa, kofia magotini. Mama yuko kwenye simu juu ya meza, yuko mapumziko ya kiwanda, mashine zinanguruma nyuma yake. Anasema kwa sauti: mwenye kumfungulia binti yangu mlango ni mimi, na nimefungua! Baba mdogo anasema: kwa simu, mama mkwe? Na vikapu vinapita wapi, kwenye waya? Angelika kacheka, kisha akasema, Baba mdogo, mimi vikapu vyangu vilipita wapi?

Sasa Baba mdogo anamgeukia Dionizi. Simlaumu mkeo, anasema, nyumba ni yako, na mimi nitafuata neno lako. Sema mwanangu. Anakwenda au haendi?

Nazisikia funguo za gari mkononi mwa Dionizi. Mume wangu mzuri, anayeimbia maharage. Hasemi.

Basi la Niagara linapita saa kumi na moja na nusu. Koti nimevaa. Nauli ninayo. Nampa mpaka nimalize ukurasa huu, na nimeandika kwa herufi kubwa makusudi ili usiishe haraka— hapana, ndogo, ndogo, ili apate nafasi.

Mama anaita, haloo, haloo, mko?

Imebaki mistari miwili. Bado hasemi.